Mfupa wa Haragut

Yondon alipowaona ngamia wa Mzee Tumen wamefungwa nje ya hema lake, shingoni wamevishwa vishada vyekundu, alijua mambo yameharibika. Mtu hamvishi ngamia wake mapambo kwa ajili ya kwenda kuomba chumvi. Wale walikuja kuomba mke.

Alisimama pale kwenye upepo, mkono mmoja umeshika kofia isimtoke, akatamani ageuze farasi arudi alikotoka. Alikuwa ametoka kwenye ofisi ya bendera yao, yaani wilaya, ambako kitabu cha nasaba kilikuwa kinanakiliwa upya ili kipelekwe Peking. Bendera zote za Wamongolia zilidaiwa kitabu kama hicho na Mfalme Mkuu wa Wamanchu: nani kamzaa nani, nani ni mwungwana wa ukoo wa Borjigini asiyelipa kodi, na nani ni raia wa kawaida anayelipa mpaka akabaki na ngozi ya mwili wake tu. Pamoja na nasaba ilikwenda historia ya bendera, tangu mababu hadi leo. Mwandishi wa vitabu hivyo katika bendera ya Chagan Usu alikuwa Yondon, na kabla yake alikuwa baba yake.

Ndani ya hema mkwewe Dulma alikuwa anamimina chai ya maziwa huku anacheka kicheko cha mtu aliyeshapata anachokitaka. Alikuwa mjane wa mwana wa Yondon, mwanamke hodari, amelea binti yake Udbal peke yake kwa jasho na ukali. Mzee Tumen, mchunga ngamia mwenye sauti nene, alikuwa ameketi karibu na mlango kama ilivyompasa raia katika nyumba ya mwungwana. Kando yake mwanawe Galsan alikuwa ameinamisha kichwa, masikio mekundu. Na juu ya sanduku, hadharani, kilitandikwa kitambaa cha buluu cha posa. Dulma hakukipokea rasmi, lakini pia hakukirudisha, na kila mtu anajua maana yake.

Yondon akabadilishana vichupa vya ugoro na Tumen, akanusa, akauliza habari za malisho. Mkono ulikuwa unatetemeka. Tumen alidhani ni baridi.

Kilichomtetemesha hakikuwa umaskini wa wachumba wale. Waungwana wa siku hizo walikuwa wengi kuliko kondoo wao, na Tumen alikuwa na ngamia wa kutosha kumnunua mwungwana pamoja na hema lake. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa mfupa.

Kwa Wamongolia nyama ya mtu hutoka kwa mama, mfupa hutoka kwa baba, na wenye mfupa mmoja hawaoani, hata kama wametengana tangu vizazi ambavyo hakuna anayekumbuka majina yao. Anayevunja mwiko huo huzaa mateso. Sasa, ukifungua kitabu utasoma kwamba Yondon na Udbal ni Borjigini, na Tumen na Galsan ni Haragut. Hapo hakuna mwiko. Lakini kitabu kiliandikwa na baba yake Yondon, na baba yake Yondon alikuwa ameandika uongo.

Zamani, Wamanchu walipokuja kudai utii, bendera hii ilikuwa ya ndugu wawili wa baba mmoja, Borjigini wote. Mdogo, babu wa kina Yondon, alipiga magoti, akapewa mhuri wa utawala. Mkubwa, jina lake Sereng, alisema magoti yake hayakunjiki, akapanda farasi akaenda magharibi kupigana, na huko akafa. Aliacha watoto. Wakarudi na njaa, na mdogo wa baba yao akawapokea, maana damu nzito kuliko maji. Waliishi na watu wao kwa amani mpaka ulipotokea uasi mwingine kaskazini, na Peking, kwa hasira, ikaanza kuwasaka wajukuu wa waasi wote, wa jana na wa kale. Waliopatikana walipelekwa kusini kuwa watumwa, na ukoo ukaishia hapo.

Baba yake Yondon ndiye aliyekuwa na kalamu. Alikuwa mtu mpole, anaandika historia kama Peking ilivyotaka iandikwe: vita akaviita kutoelewana, waliouawa akasema wameondoka, na jina la Mfalme Mkuu akalipandisha juu ya mistari mingine yote. Safari hiyo alifanya zaidi. Akaandika kwamba Sereng alikufa kwa ndui akiwa mtoto mdogo, hakuoa, hakuzaa. Watu wa Sereng akawahamishia upande wa raia, akawapa ngamia wa kuchunga na mfupa wa kubuni, Haragut. Kwa mstari mmoja wa wino mtu aliyepigana na himaya akafia kitandani, na wajukuu zake wakapona.

Wazee wawili walikubaliana, baba yake Yondon na babu wa Tumen: watoto wasijue kitu, maana anayejua huropoka. Ila kila upande ubaki na mtu mmoja anayejua, wa kuzuia ndoa. Baba yake Yondon alipokaribia kufa alimwita mwanawe, akamnong'oneza. Upande wa pili, mzee wao aliangushwa na ngamia akavunjika shingo kabla hajamwita mtu. Kwa hiyo siri yote ikabaki kwa Yondon, na Yondon, tuseme ukweli, hakuwa mtu jasiri. Alikuwa mtu wa kalamu safi na usingizi mwepesi. Maisha yake yote alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba watoto wa nyumba zile mbili wasitazamane.

Na sasa Udbal aliingia na ndoo ya maziwa, akamwona Galsan, na maziwa yakamwagika.

Yondon akisema kweli, Tumen na kizazi chake watafungwa kamba wapelekwe kusini, na yeye mwenyewe atapelekwa pamoja nao kwa kosa la kuficha. Akinyamaza, mjukuu wake atalala na ndugu yake. Alikunywa chai yake, akaunguza ulimi, hakusikia.

Njia ya kwanza aliyoiwaza ilikuwa ya hila. Alikwenda monasterini kwa lama mnajimu, mtawa wa Kibudha, rafiki yake wa tangu utotoni, mtu mnene mwenye huruma, akamwomba atafute ubaya kati ya nyota za watoto wale. Lama akafungua majedwali yake.

"Yondon, hapa hakuna ubaya. Msichana ni wa mwaka wa Panya, kijana ni wa mwaka wa Ng'ombe. Hawa wanapatana hata kabla hawajajuana."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Una nini wewe? Umekuwa rangi ya majivu."

Yondon alisema hawezi kusema. Lama akafunga majedwali, akasema basi, kwa ajili ya urafiki, ataona kivuli kidogo. Na kweli, Dulma alipokwenda kuuliza, lama alimwambia kuna kivuli. Lakini Dulma hakuwa mtu wa kutishwa na vivuli. Aliuliza dawa yake ni nini. Lama wa watu akababaika. Tangu dunia iumbwe hakuna lama aliyewahi kusema jambo halina dawa, angekufa njaa. Akajikuta anasema kondoo mweupe na kisomo. Jioni haijafika Tumen alishaleta kondoo, mnono, mweupe pe, na mwingine wa ziada kwa ajili ya lama. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Akajaribu kwa Udbal mwenyewe. Alimkuta nje anageuza jibini juani. Udbal ndiye aliyemsagia wino tangu akiwa mdogo, na kwa kusaga wino alikuwa amejifunza kusoma, jambo ambalo Dulma aliliona ni upuuzi. Yondon alimwambia kwamba ngamia wananuka. Akamwambia maisha ya raia ni kodi na kutumwa, leo upeleke farasi wa serikali, kesho uchimbe kisima cha askari. Udbal alicheka.

"Babu, mbona sisi wenyewe hatuna hata viatu vizuri? Uungwana wetu uko kwenye kile kifungo cha cheo kwenye kofia yako tu."

"Kifungo hicho ndicho kinachotulinda."

"Kutokana na nini?"

Yondon akageuza kipande kimoja cha jibini. Udbal akaacha jibini, akafuta mikono, akamuuliza taratibu kama Galsan amefanya jambo baya. Yondon akasema hapana. Akauliza kama baba yake Galsan amefanya jambo baya. Akasema hapana. Basi Udbal akasema kwamba anampenda, na kwamba babu akimwambia kuna sababu atamsikiliza, lakini aambiwe sababu. Yondon alirudi ndani, akajilaza akiwa amevaa viatu.

Siku ya kukubali posa ikafika. Hema lilijaa. Dulma alikuwa amechemsha kondoo mzima, na pombe ya maziwa ilikuwa inangoja kwenye birika la shaba. Na kana kwamba hayo hayatoshi, alikuwepo Dugar, katibu wa mtawala wa bendera. Dugar alikuwa mwanafunzi wa Yondon wa zamani, amenenepa, amepanda cheo, na kesho yake ndiye aliyekuwa anaondoka na kitabu cha nasaba kwenda Peking. Alipita kumuaga mwalimu wake, akakuta sherehe, akaketi. Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye mkoba nje, juu ya farasi wake. Yondon alimkalisha upande wa heshima.

Pombe haimiminwi kabla ya swali. Hiyo ndiyo desturi, na mara nyingi ni mchezo tu, kwa sababu kila mtu anajua jibu. Mkubwa wa upande wa msichana huwauliza wageni mfupa wao. Wakishajibu, naye hutaja wa kwake. Mifupa ikiwa mbalimbali, msichana hujaza bakuli na kumpelekea mchumba, na hapo posa imekubaliwa.

Dulma alimkanyaga baba mkwe wake kidogo kwenye kiatu. Watu walikuwa wanangoja.

"Mfupa wenu ni upi?" akauliza Yondon, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Tumen alijinyoosha. Alikuwa amelisubiri swali hilo, unaona kabisa.

"Haragut," akasema. "Wapo wanaosema wachunga ngamia hawana asili. Sisi tunayo. Imeandikwa. Aliyetuandika ni marehemu baba yako, Bwana Yondon, na kila mwaka mpya tunamwagia maziwa jina lake, maana bila yeye tungekuwa watu wasio na jina."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Dugar akaitikia kwa kichwa kuthibitisha. Alikuwa amenakili ukurasa huo kwa mkono wake mwenyewe. Galsan akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama Udbal, naye Udbal alikuwa tayari ameshika bakuli.

Yondon alimtazama Tumen, mjukuu wa mjukuu wa Sereng, akijivunia jina lililobuniwa na mtu mwenye hofu, na machozi yakamjia. Yakamjia pia mawazo, safi na baridi. Ukweli uliokuwa unatakiwa pale ni mmoja tu: kwamba nyumba hizi mbili ni mfupa mmoja. Hakuna aliyehitaji kujua ni mfupa gani.

"Basi hamuwezi kuoana," akasema. "Mimi pia ni Haragut."

Watu wakatazamana. Kisha Dulma akacheka, na alipoona hakuna anayecheka naye akaacha.

"Baba yangu hakuzaliwa na babu yangu," akaendelea Yondon. Maneno yalikuwa yanatoka kwa mpangilio, kama anaandika. "Alikuwa mtoto wa kulelewa. Alichukuliwa kwa wachunga ngamia akiwa mchanga, kwa sababu nyumba ile haikuwa na mtoto. Walimpa jina na kofia. Mfupa hautolewi. Yeye alijua, ndiyo maana aliwaandika vizuri watu wake. Na mimi nilijua, nikanyamaza, nikala uungwana usio wangu."

Dugar alikuwa ameweka chini kipande chake cha nyama.

"Mwalimu," akasema polepole, "umeamka vibaya. Una homa. Mimi sijasikia kitu." Akaangalia mlango, kisha akamrudishia macho. "Ila ukilisema mara ya pili mbele yangu, nitalazimika kuliandika. Unajua maana yake. Utavuliwa kofia. Utapigwa viboko kwa kodi ulizokwepa. Na raia haandiki nasaba ya waungwana, kwa hiyo na kitabu hutakigusa tena. Fikiri."

Dugar alikuwa na moyo mzuri, na mlango huo aliufungua makusudi. Yondon aliuona. Kutoka ilikuwa rahisi sana, kukohoa kidogo na kusema ni homa. Aliwaza mkono wake bila kalamu, akaona hajui ungekuwa unafanya nini asubuhi. Aliwaza viboko, na alikuwa mzee, na ngozi ya mgongo wake ilishakuwa nyembamba. Akamtazama Udbal na bakuli lake.

"Mimi ni Haragut," akasema mara ya pili. "Andika."

"Una shahidi gani?"

"Dugar mwanangu, umeshaona watu wangapi wakidanganya ili wapande juu. Umeshamwona anayedanganya ili ashuke?"

Dugar akafuta mikono. Alitoka akaleta mkoba, akafungua kitabu juu ya meza ndogo, akaomba wino. Mkono wake ulikawia juu ya karatasi, basi Yondon akamwondolea taabu. Aliichukua kalamu, akaupata mti wa ukoo, akafuata tawi mpaka kwenye jina la baba yake na lake na la marehemu mwanawe, akayapiga mstari, mstari mnyoofu, wa kazi safi. Kwenye ukurasa wa Haragut, chini ya jina la Tumen, akayaandika upya. Kisha akang'oa kifungo cha kofia yake, akakiweka mezani mbele ya katibu. Dulma alijifunika uso. Hasira yake ingekuja baadaye, na ingekaa miaka.

Galsan alikuwa ameshainuka. Alitoka bila kumtazama mtu, akaenda kusimama kati ya ngamia wake.

Tumen alibaki ameketi pale mlangoni, mdomo wazi, hajui kama amepata ndugu au amepoteza mkwe. Yondon akamwendea, akamshika mkono, akamwinua, akampeleka ndani kabisa ya hema, penye heshima kuu, kwenye nafasi yake mwenyewe, akamkalisha. Tumen akataka kukataa, akasema yeye si mkubwa.

"Kaa," akasema Yondon. "Sisi ni wa mfupa mmoja, na nyinyi ni tawi la kaka. Sisi ni tawi la mdogo."

"Wewe umejuaje?"

"Hilo nalijua."

Naye akashuka, akaketi mlangoni. Hapo ndipo alipogundua kwamba hatetemeki tena.

Udbal hakuwa ameondoka mahali pake. Akaja akachuchumaa karibu na babu yake, bakuli tupu mikononi, akasema kwa sauti ya chini ambayo Dugar asingeisikia:

"Nimekisoma kile kitabu chote, Babu. Na marehemu baba yako watu wote wanasema alifanana na mtawala wa wakati wake kama mapacha. Mtoto wa kuokotwa anafananaje?"

"Usiniulize hilo."

"Sikuulizi. Nataka moja tu. Galsan ni ndugu yangu?"

"Ni ndugu yako."

"Apa."

"Kwa mfupa wa baba yangu," akasema Yondon, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyoyasema siku ile.

Machozi yakamtoka Udbal, wala hakuyafuta. Kisha akainuka, akaenda kwenye birika la shaba, akajaza bakuli mpaka juu. Watu wakashtuka, Dulma akaita jina lake. Yeye akapita katikati yao akilibeba kwa mikono miwili, akainama mlangoni, akatoka. Yondon alikuwa ndiye aliye karibu zaidi na mlango, kwa hiyo aliwasikia. Upepo ulivuma, ngamia mmoja akalia, kisha Udbal akamwambia Galsan, "Kunywa, kaka."